Siku Ghala la Leonida Lilipopanda Trela

Duka la Elkanah la vifaa vya ujenzi pale Awendo lilikuwa na misumari, saruji, mabati ya kila rangi, na Lorine. Misumari ilikaa mbele, saruji ilikaa nyuma, na Lorine alikaa kwenye kijimeza kando ya dirisha akiwachorea wateja ramani za nyumba. Mteja akija kununua mabati, Elkanah humwuliza, "Ramani unayo?" Akisema hana, anaelekezwa dirishani.

Ramani yenyewe ilikuwa moja. Vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha ndani, kibaraza cha nguzo mbili. Mwenye mfuko mwepesi alipunguziwa chumba, na aliyetoka kuuza miwa aliongezewa nguzo. Lorine aliichora nyumba hiyo hadi mkono ukaijua kuliko macho. Aliweza kuichora huku anaongea na mama yake kwa simu. Mara moja aliichora akisinzia, na mteja akaisifu.

Mume wake, Maroa, alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa. Alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mtu mkubwa, mpole, mwenye mabega ya kuziba mlango. Lorine alikuwa Mjaluo wa upande wa Homa Bay. Kila mmoja aliijua lugha ya mwenzake kiasi cha kuombea chumvi tu, basi Kiswahili ndicho walichotongozana nacho, wakagombana nacho, wakamlea nacho kijana wao Byron. Sasa Byron alikuwa amekwenda kusoma Mombasa, na nyumba ilikuwa imetulia mno. Jioni Maroa alisikiliza redio, Lorine akamenya viazi. Hakukuwa na huzuni mle ndani, ila hakukuwa pia na jambo la kumfanya mtu apige kelele.

Jambo hilo lilimjia Lorine kazini. Mkulima mmoja wa Mariwa aitwaye Chrispine alitaka kujenga nyumba kubwa pale ilipokuwa nyumba ya nyasi ya marehemu nyanya yake. Lorine akatumwa kupima kiwanja. Jua lilikuwa kali, na Chrispine akamwambia aingie kwenye ile nyumba ya zamani apumzike kidogo. Lorine akainama mlangoni, akaingia, akainua macho.

Juu yake fito zilikuwa zimezunguka, duara juu ya duara, kila moja dogo kuliko lile la chini yake, hadi kileleni ambako zote zilikutana mahali padogo kama kitovu cha mtoto. Moshi wa miaka mingi ulikuwa umezipaka weusi unaong'aa kama mgongo wa chungu. Lorine alizungusha kichwa kufuata duara la kwanza, kisha la pili, kisha akajikuta anazunguka mwili mzima, hadi kizunguzungu kikamkalisha sakafuni puu! Akaanza kucheka.

Chrispine akachungulia. "Madam, mbona unacheka nyumba ya dani?"

"Siicheki nyumba ya nyanya yako, najicheka mimi. Hii kitu nani alichora?"

"Hakuna mtu alichora. Ilijengwa tu."

Jibu hilo lilimwasha Lorine kama pilipili. Miaka yote hiyo yeye huchora kwanza ndipo watu wajenge, na nyumba iliyomkalisha chini haikuchorwa na mtu! Basi akaichora yeye. Tepu yake ilikuwa ya kupimia kuta zilizonyooka, kwa hiyo alichomoa uzi kwenye pindo la leso yake, akamwambia Chrispine ashike ncha moja katikati ya nyumba, naye akazunguka na ncha nyingine akiufuata ukuta. Kiwanja hakikupimwa siku hiyo. Alirudi dukani na masizi kwenye nywele, anaimba. Elkanah akamwuliza kama ameokoka upya.

Kuanzia hapo Lorine hakukamatika. Kila Jumapili baada ya ibada alibeba tepu, kamba na karatasi, akaenda kutafuta nyumba za zamani. Alizipata moja hapa, moja kule, nyingi zikiwa nyuma ya nyumba mpya, zikitumika kama jiko au kama chumba cha mbuzi. Aliwauliza wenyewe ni miti gani ilisimamishwa kwanza, udongo ulitolewa wapi, nyasi zilifungwa na kamba ya nini. Watu walimdhania ni mtu wa serikali, halafu wakamdhania ni mtu wa kanisa jipya, halafu wakaona ni mwanamke tu aliyependa nyumba kama wengine wanavyopenda mpira, wakamletea kiti.

Mwanzoni Maroa alimtazama kama mtu anavyotazama mvua ya ghafla. Jioni moja Lorine akamwuliza, "Baba Byron, na kwenu nyumba zilijengwa vipi?"

"Nyumba ni nyumba, Mama Byron."

"Haya. Sema tu mlango wa bibi yako ulitazama wapi."

Maroa akafikiri. Akatoka nje, akachukua kijiti, akachora mlango huo kwenye vumbi. Mlango ukataka nyumba. Nyumba ikataka zizi la ng'ombe katikati ya boma, zizi likataka nyumba za wake wengine wa babu kulizunguka. Alipomaliza alikuwa amechora hadi kwenye shina la mgomba wa jirani, amepiga magoti, jasho linamtiririka, na redio ndani inajisomea taarifa ya habari peke yake. Akamtazama mkewe kwa mshangao.

"Kumbe yote bado iko kichwani!"

Tangu siku hiyo walikwenda pamoja.

Kufika Ndhiwa, kwa mzee mmoja aitwaye Gordon, ndipo mambo yalipopamba moto. Lorine alitaka kujua urefu wa paa kutoka kileleni hadi ukingoni. Mzee Gordon akasema kwao mwanamke hapandi paa, basi Maroa akapanda. Gordon mwenyewe akaingia ndani kuendelea na chakula chake. Maroa alitambaa vizuri, ncha ya tepu ikiwa mdomoni, akakifikia kilele, akamgeukia mkewe atabasamu. Nyasi zikasema krrr. Maroa akazama hadi kiunoni.

Ndani, mzee Gordon aliinua macho kutoka kwenye ugali wake akaona viatu viwili vya kazi vinapiga mateke hewani. Akavitazama kwa utulivu. "Kwetu mgeni huingia kwa mlango," akaviambia. "Lakini kwa vile umeshafika, karibu samaki."

Lorine alikuwa huku chini ameshika ncha nyingine, machozi ya kicheko yanamtoka. "Usisogee!" alimpigia mumewe kelele. "Shikilia hapo hapo, nasoma kipimo!"

Walirudi Jumamosi iliyofuata kuliezeka upya lile tundu, Gordon akiwa kwenye kiti anawaelekeza kwa fimbo. Maroa alifunga kila kitita cha nyasi kama mtu anayemvisha mtoto siku ya ubatizo. Walipomaliza, Gordon alilikagua paa akasema kiraka kimependeza kuliko paa lenyewe, na kama Maroa anataka kuanguka tena upande wa pili, ruhusa anayo.

Michoro ikajaa nyumbani. Ilikuwa chini ya kitanda, juu ya kabati, ukutani kwenye kitanda cha Byron. Mchungaji wa kanisa lao pale Awendo, mama mmoja mchangamfu aitwaye Jerusha, alikuja kumjulia hali Lorine alipougua mafua, akashindwa kupata mahali pa kukaa. Aliokota michoro kutoka kiti kimoja hadi kingine. Mwishowe akasema, "Dada, hii si ya kufungiwa ndani. Ukumbi wa kanisa uko wazi. Tundika yote, watu waje waone."

Lorine alifurahi hadi mafua yakakimbia. Ila kadiri siku ya maonyesho ilivyokaribia, wazo moja lilimtekenya: karatasi ni karatasi. Angetaka watu washike kitu. Wasikie harufu yake.

Na kitu hicho alikuwa amekwisha kukiona, kule Karungu.

Lilikuwa ni ghala la nafaka la mjane mmoja aitwaye Leonida, juu kidogo ya ghuba, mahali ambapo upepo wa ziwa haupumziki. Dero, kama Wajaluo wanavyoliita, ni kikapu kikubwa kupita mtu, kilichosukwa kwa vijiti, kikakalishwa juu ya mawe ili mchwa na unyevu visikifikie, kisha kikavishwa kofia ya nyasi inayoinuliwa na kushushwa. La Leonida ndilo lililokuwa limebaki pale kijijini. Mtama haukuwemo tena. Kulikuwa na kuku waliotaga humo kana kwamba wamelipanga.

Leonida mwenyewe alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuita ng'ambo. Siku Lorine alipokuja kulipima hakusubiri kuulizwa. Aliinyakua ncha ya tepu, akakimbia nayo kulizunguka ghala mara mbili, akamfunga Lorine mikono. Alieleza jinsi mama mkwe wake alivyokuwa akiinua kofia kwa fimbo kisha akaingia mzima mzima kuchota mtama, miguu ikibaki nje. Akaonyesha. Alipotoka, akamgeukia Maroa na kumwuliza jina.

"Maroa."

Leonida akaweka mkono kifuani. Maro kwa Kijaluo ni mama mkwe, na kwa mama mkwe mtu hana utani. "Woi! Mimi nimezika mama mkwe, sasa ingine imekuja, na ni mwanaume, na ina ndevu!" Akajifunika uso kwa leso kwa heshima kubwa, na tangu hapo hakumwita jina lingine. Maroa alikuwa Mama Mkwe hadi mwisho.

Mwanawe Leonida, Ochieng, alitaka kusimamisha tangi la maji pale penye ghala, kwa sababu hapo ndipo maji ya paa yalipomwagikia. Lorine alipofika kuomba ghala liende Awendo, alitazamia mabishano marefu. Leonida akasema, "Chukua." Lorine akaanza kumshukuru. "Ngoja," bibi akasema. "Dero haisafiri tupu. Ni mkosi. Lazima mwenyewe awe ndani."

Lorine aliwageukia majirani wa kike wa rika la Leonida. Mmoja alitazama ziwa. Mwingine alikohoa. Hakuna aliyewahi kuisikia mila hiyo. Lorine alikuwa na desturi ya kuandika kila mila aliyoambiwa, lakini hii hakuiandika, maana ilionekana wazi kwamba Leonida alikuwa ameitunga asubuhi hiyo hiyo, wakati anachagua nguo.

Maroa aliomba ruhusa kwa mwenye trekta, naye akampa na trela lake, kwa sharti la kulirudisha limefagiliwa. Asubuhi ya safari kijiji kizima kilijaa uani. Wanaume waliinua kofia ya nyasi wakaiweka kando. Kuku wakatimuliwa. Magogo mawili yakapitishwa chini ya kikapu, mabega yakaingia, mtu akaanzisha wimbo, na ghala lililokaa juu ya mawe yale tangu kabla ya Ochieng kuzaliwa likainuka, likayumba, likaenda zake hewani. Lorine alikimbia mbele yake kinyumenyume akipiga picha na kupiga kelele pamoja, hadi akakalia beseni la dagaa wa omena.

Likafungwa kwa kamba kwenye trela. Ngazi ikaletwa. Leonida akapanda akiwa na gauni lake la harusi za wenzake, mkoba, mwavuli na chupa ya chai, akashuka ndani ya kikapu. Kofia ikarudishwa juu yake na kuegemezwa kwa fimbo upande mmoja, pakabaki dirisha la kumtosha kichwa na mkono mmoja wa kupunga.

"Mama Mkwe!" akaita kutoka ndani. "Washa moto, twende!"

Trekta likanguruma. Lorine alikaa kwenye kifuniko cha tairi karibu na mumewe, ameshikilia chuma, nywele zinapepea. Nyuma yao ghala lilinesa kama mwanamke mnene anayekwenda kanisani. Kila walipopita watoto walikimbia, wanawake waliinua majembe mashambani, waendesha bodaboda walisogea kando kisha wakafuata. Leonida aliwasalimu wote. Waliokuwa mbali aliwasalimu kwa mwavuli.

Ndhiwa ilikuwa siku ya soko. Maroa alitaka kupita taratibu, lakini huwezi kupita taratibu na ghala linalopunga mkono. Muuza nyanya mmoja aliona leso, akaona gauni, akahitimisha. "Bibi harusi!" akapiga vigelegele. "Wanaleta bibi harusi!" Vigelegele vikaruka kutoka kwa nyanya hadi kwa mitumba, kutoka mitumba hadi kwa samaki. Watu wakalizingira trela, wakitaka kumwona.

Lorine akasimama kueleza kwamba hii ni kazi ya utafiti wa majengo ya asili. Hakuna aliyemsikia. Leonida alikuwa ameshusha leso usoni hadi puani, ameinamisha kichwa kwa haya kama msichana wa miaka kumi na minane.

"Anaolewa na nani?" mtu akauliza.

"Huyo anaendesha trekta," Leonida akasema kwa sauti nyembamba. "Lakini nimeambiwa iko na mke."

Soko likalipuka. Lorine alicheka hadi akalazimika kukaa, na Maroa, mtu wa watu, akainua mikono juu kama mwanasiasa na kukiri kila kitu. Wakatupiwa ndizi, muwa, na kitita cha sukuma wiki kwa ajili ya nyumba mpya. Miongoni mwa watu alikuwamo mzee Gordon, aliyekuja kuuza mbuzi. Aliangalia kofia ya nyasi kwa jicho la mtaalamu, akamwuliza Maroa kama hii ameizamia au bado.

Mbele, kabla ya kuingia Awendo, kulikuwa na askari wa barabarani. Alikuwa ni Mkisii aitwaye Gichana, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Aliinua mkono. Trekta likasimama, na nyuma yake bodaboda zote zilizokuwa zikifuata.

"Mmebeba nini?"

"Ghala, afande," Maroa akasema.

"Ndani kuna nini?"

Maroa alimtazama mkewe. Lorine alitazama miwa. Kofia ikainuka kidogo.

"Kuna mimi," ghala likasema.

Gichana aliruka hatua moja nyuma, kisha akaja taratibu, akachungulia. Leonida akamkaribisha chai. Askari alivua kofia yake, akajikuna kichwa. Kitabu chake cha sheria kilikuwa na mengi kuhusu abiria na mengi kuhusu mizigo, ila hakikusema lolote juu ya abiria aliyemo ndani ya mzigo. Akaugusa ukuta wa vijiti kwa vidole, akaufuata msuko wake juu, chini, juu, chini.

"Kwetu nyanya alikuwa nayo kama hii," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya askari. "Nilijificha huko nikikataa kwenda shule. Mnaenda nayo wapi?"

"Kanisani, kwenye maonyesho," Lorine akasema. "Njoo. Na kama ya nyanya yako bado iko, nitakuja kuipima."

"Ilianguka," Gichana akasema. Akafikiri. "Lakini naikumbuka."

"Hata ya kukumbuka napima!"

Gichana alicheka, akamwomba Leonida amuahidi kwamba atakaa chini, ashike fito kwa mikono miwili na aache kupunga mwavuli. Leonida akaahidi. Wakaruhusiwa, na Gichana mwenyewe akatangulia mbele na pikipiki, pole pole, akisogeza malori ya miwa pembeni, hata Awendo yote ikaamini mtu mkubwa sana anaingia mjini.

Mchungaji Jerusha alikuwa amesimama kwenye lango la kanisa na kwaya yote. Wimbo ulianza. Trekta likakata kona, likaelekea langoni, likasimama. Wimbo ukasimama.

Lango lilikuwa jembamba kuliko ghala.

Lorine aliruka chini na tepu. Alipima lango. Alipima ghala. Akapima lango tena, kwa matumaini. Mwanamke huyu aliyepima vizingiti vya watu wote kuanzia ziwani hadi mpakani, aliyejua unene wa ukuta wa mbuzi wa kila mtu, hakuwa amepima lango la kanisa lake mwenyewe alilopita kila Jumapili! Alisimama pale, tepu inaning'inia, uso umemwiva.

"Mama Byron," Maroa akamwambia kwa upole kutoka juu ya trekta, "kweli?"

Ndipo akashindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, akajishika kwenye nguzo ya lango. Jerusha akaambukizwa, kwaya ikaambukizwa, Gichana akageuka kando ili sare isione.

Pembeni mwa lango kulikuwa na ua wa michongoma, uliokatwa usawa wa kifua. Elkanah, ambaye alikuwa amefunga duka aje aone ni kitu gani kilichomwibia mchoraji wake, ndiye aliyesema, "Kwani lazima lipite langoni? Lirukeni hapa." Magogo yaliyolinyanyua Karungu yalikuwa bado ndani ya trela. Vijana wa kwaya wakajipanga, na waendesha bodaboda, na Elkanah akavua koti.

"Dani, shuka kwanza," Lorine akamsihi Leonida.

"Nilisema dero haisafiri tupu. Imefika?"

"Bado mita chache tu."

"Basi."

Wakaliinua naye ndani. Kwaya ikachukua wimbo, na ghala likapanda juu ya michongoma, juu ya vichwa vya watu, likining'inia angani na bibi wa Karungu tumboni mwake akiwahesabia hatua kwa Kijaluo kwa sauti ya nahodha. Waliokuwa upande wa pili walinyoosha mikono kulipokea. Kwa kitambo kidogo lilikuwa juu ya mikono tu, ya Wajaluo na Wakuria na Wakisii, hakuna aliyejua ya nani ni ipi, na lilikuwa jepesi. Kisha likatua juu ya mawe yaliyokwisha kupangwa kwenye majani ya kanisa, sawasawa, kana kwamba lilisukwa hapo. Ngazi ikaletwa. Leonida akashuka, akakung'uta gauni, akauliza choo kiko wapi.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watu walisonga kutoka mchoro hadi mchoro wakionyeshana. "Hii ni ya kwa Chrispine!" "Hii si ndio ile ilibomolewa?" Leonida alipofika kwenye mchoro wa ghala lake alisimama akakunja uso, maana Lorine alikuwa amelichora kama lililopasuliwa katikati ili ndani yake paonekane.

"Umelikata!" akapiga yowe, akatoka mbio kulikagua. Akarudi ameridhika. "Iko mzima. Lakini kwa karatasi umesahau kuku."

Lorine akachora kuku pale pale, akiwa amesimama, watu wakimpigia makofi.

Mama yake Maroa, Pauline, alikuwa ameletwa kutoka Ntimaru. Hakuwa mtu wa maneno. Alisimama mbele ya boma la Wakuria lililochorwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mwanawe, akalitazama sana. Maroa alisimama nyuma yake ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtoto anayesubiri alama. Hatimaye Pauline akanyoosha kidole.

"Mlango wa nyumba ya mke mdogo mmeuweka vibaya. Hapa ungeingiliwa na ng'ombe." Akaomba kalamu. Akaufuta mlango kwa mstari mmoja, akauchora mwingine kando, kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, akaongeza jiwe la kusagia, na kamba ya nguo, na mtoto mdogo amekaa mlangoni bila suruali. "Huyu ni wewe," akamwambia Maroa, akampa Lorine kalamu yake. Maroa alitoka nje kidogo kulitazama trekta.

Ghala lilibaki pale kanisani. Leonida hakuonekana kulikumbuka sana. Alichokipenda kilikuwa ni safari, na kila alipompigia Lorine simu alikuwa na habari za ghala lingine mahali pengine, kila mara mbali zaidi na kwao, lenye mila hiyo hiyo ya kutosafiri tupu. Gichana alikuja siku yake ya mapumziko, akakaa kwenye kijimeza cha dirishani, akasimulia ghala la nyanya yake huku Lorine akichora, hadi wote wawili wakajua mahali mtoto asiyetaka shule angejikunja.

Elkanah aliruhusu michoro michache itundikwe dukani, akidhani itavuta wateja. Ilivuta. Mteja wa kwanza wa mwezi uliofuata, mwalimu wa kike wa Rongo, alipita mbele ya ramani ya vyumba vitatu na nguzo mbili bila kuitazama, akaelekeza kidole ukutani.

"Nataka sebule ya mviringo kama ile. Lakini ya matofali. Na juu, mabati ya rangi ya maroon."

Elkanah alimtazama Lorine. Lorine alimtazama Elkanah.

"Mabati hayazunguki, mwalimu," Elkanah akasema. "Bati ni kitu cha kunyooka."

"Si mtayakata?"

Wakachukua bati moja wakalilaza nje ya duka. Lorine alichora pembetatu juu yake kwa chaki, Elkanah akakata, wakajaribu kuunganisha vipande viwili kwa juu. Kimoja kikaruka kikamwangukia Elkanah mguuni. Akaruka mguu mmoja akilaani kila kitu cha duara tangu jua. Maroa, aliyekuwa anapita na mzigo wa miwa, akasimamisha trekta katikati ya barabara, akashuka kusaidia, akashika vipande vyote viwili kwa mikono yake mipana juu ya kichwa chake. Na mwalimu, na mkata miwa mmoja, na wauza mandazi wa upande wa pili, wote wakaja kutazama. Lorine alipiga magoti kwenye vumbi chini ya paa hilo la mikono, akainua macho kulitazama, chaki mdomoni.

"Inua kidogo," akasema. "Kidogo tena. Hapo! Hapo hapo! Msisogee, nasoma kipimo."